Ultrasaundi ya Shingo Baada ya Kiharusi

Damu yote inayolisha ubongo hupita shingoni katika mishipa mikubwa minne: ateri mbili za karotidi zinazopanda mbele, moja kila upande wa koo, na ateri mbili za vetebra zinazopanda nyuma kupitia matundu ya pingili za shingo. Mshipa mmojawapo ukiziba, au ukiachia kipande cha damu iliyoganda kikapanda juu na kunasa, sehemu ya ubongo hukosa oksijeni na huanza kufa baada ya dakika chache. Ultrasaundi ya mishipa ya shingo humwezesha daktari kuuona ukuta wa ateri hizo, kuyaona mafuta yaliyojijenga ndani yake na kupima kasi ya damu inayopita. Mashine yenyewe si ngeni. Ni ya aina ileile inayotumika kumwangalia mtoto tumboni mwa mama, ila hapa huwekewa kichwa kingine chenye mawimbi mafupi zaidi na programu ya kupima mwendo wa damu.

Kwa mgonjwa aliyekwisha kupata kiharusi, kipimo hiki hakifanywi ili kujua kama kweli ni kiharusi. Swali hilo hujibiwa kwa kumchunguza mgonjwa na kwa CT-scan ya kichwa, na CT-scan lazima itangulie kwa sababu viharusi viko vya aina mbili, na dawa inayomfaa mgonjwa wa aina moja inaweza kumuua wa aina nyingine. Aina ya kwanza hutokana na mshipa kuziba. Ulaya na Marekani Kaskazini ni takriban viharusi 85 katika kila 100. Aina ya pili hutokana na mshipa kupasuka na damu kumwagika ubongoni, na Afrika sehemu yake ni kubwa zaidi, kwani watu wengi huishi na shinikizo la damu lisilotibiwa. Ultrasaundi ya shingo huwahusu hasa wale wa aina ya kwanza. Kazi yake ni kutafuta kilichoziba kilitoka wapi, na kama kuna kingine kinachosubiri kutoka.

Swali hilo linawahusu sana wakazi wa Afrika Mashariki. Utafiti uliofanywa Tanzania kati ya 2003 na 2006, katika wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro na katika jiji la Dar es Salaam, ulihesabu viharusi vipya mtaa kwa mtaa. Baada ya kusawazisha umri ili kulinganisha na nchi nyingine, Hai ilipata viharusi takriban 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000, na Dar es Salaam takriban 316. Kiwango hicho cha Dar es Salaam kilizidi cha nchi nyingi tajiri. Wengi wa walionusurika walirudi nyumbani kwao, na mtu aliyekwisha kupata kiharusi ndiye aliye karibu zaidi kupata kingine.

Ugonjwa unaotafutwa shingoni huitwa atherosklerosisi, yaani kujengeka kwa mafuta ndani ya ukuta wa ateri. Mafuta hayo hayagandi juu juu kwenye njia ya damu, kama wengi wanavyodhani. Hukaa ndani ya ukuta wenyewe. Ngozi laini ya ndani ya mshipa huumizwa taratibu na shinikizo kubwa la damu, sukari nyingi, moshi wa sigara na lehemu iliyozidi. Lehemu aina ya LDL hupenya chini ya ngozi hiyo, chembe nyeupe za damu huifuata na kuimeza mpaka zenyewe hujaa mafuta na kufa humo. Mwili hulifunika lundo hilo kwa nyuzi ngumu, na miaka ikipita chokaa huingia. Hatimaye hubaki utando mnene unaotokeza kwenye njia ya damu. Mtu anaweza kuishi nao miaka mingi asihisi lolote. Hatari huja kifuniko cha utando kinapopasuka: damu ikigusa mafuta yaliyokuwa yamefichwa huganda papo hapo, na kipande cha damu hiyo kikibanduka hakina njia ila kupanda juu.

Utando huo haujengeki popote tu. Kwenye karotidi hupendelea panda, mahali ambapo ateri kuu hugawanyika mara mbili: karotidi ya nje inayolisha uso na ngozi ya kichwa, na karotidi ya ndani inayolisha jicho na sehemu kubwa ya ubongo. Panda hiyo iko takriban usawa wa kikoromeo. Mshipa hapo umetanuka kidogo, na damu inayopita karibu na ukuta wake wa nje hupunguza kasi na kuzungukazunguka, jambo linalolipa lehemu nafasi ya kupenya. Kwa bahati njema, mahali hapo pako sentimita chache tu chini ya ngozi, na mbele yake hapana mfupa wala hewa, vitu viwili vinavyozuia mawimbi ya ultrasaundi. Ni ateri chache muhimu mwilini zinazoonekana kwa urahisi namna hiyo.

Tawi kubwa la kwanza la karotidi ya ndani huenda kwenye jicho, na ndiyo maana jicho mara nyingine hutoa onyo kabla ya ubongo. Mgonjwa husimulia kwamba jicho moja liliingia giza ghafla, kama pazia lililoshushwa, na baada ya dakika chache likarudi kuona. Wengine hupata ganzi ya mkono, mdomo kupinda au ulimi kuwa mzito, halafu hali huisha yenyewe kabla hata ya kufika hospitali. Hicho ni kiharusi cha muda. Kwa kuwa hupita bila kuacha maumivu, wengi hukidharau, na katika jamii nyingi za Afrika Mashariki huelezwa kuwa ni jini, kurogwa au uchovu tu. Kitabibu ni dharura, kwani siku chache zinazofuata ndizo zenye hatari kubwa kuliko zote za kupata kiharusi kamili.

Uhusiano wa shingo na kiharusi haukujulikana vizuri mpaka katikati ya karne ya 20. Mwaka 1951 daktari C. Miller Fisher wa Kanada aliandika kuhusu wagonjwa wa kiharusi waliokutwa na karotidi zilizoziba, akaonyesha pia uzito wa dalili zile zinazopita. Mwaka 1954 madaktari wa hospitali ya St Mary's, London, walieleza habari za mwanamke aliyekuwa akipata viharusi vya muda mara kwa mara, vikakoma baada ya kukatwa sehemu ya karotidi iliyosinyaa na ncha zake kuungwa. Upasuaji ulikuwa umepatikana, lakini njia ya kumjua anayeuhitaji ilikuwa ngumu. Picha za mishipa ya kichwa, zilizobuniwa na Egas Moniz wa Ureno mwaka 1927, zilihitaji kuchoma dawa ya rangi ndani ya ateri yenyewe, na mara nyingine kazi hiyo ndiyo iliyosababisha kiharusi.

Ufumbuzi ulitoka kwenye elimu ya sauti. Mwaka 1842 mwanasayansi Christian Doppler alieleza kwamba mawimbi hubadilika kadiri chanzo chake kinavyokaribia au kuondoka. Ndiyo sababu king'ora cha gari la wagonjwa husikika chembamba likija na kizito likishapita. Chembe za damu nazo zikirudisha mawimbi ya ultrasaundi huyabadilisha kwa kadiri ya mwendo wake, na kompyuta hukokotoa kasi ya damu kutokana na badiliko hilo. Katika miaka ya 1970, kundi la Eugene Strandness katika Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, liliunganisha picha ya mshipa na kipimo hiki cha Doppler katika mashine moja. Tangu hapo mpimaji anaweza kuona mahali hasa anapopima.

Kipimo chenyewe huchukua kama nusu saa na hakina maumivu. Mgonjwa hahitaji kufunga kula. Hulala chali, kola ikifunguliwa na mkufu kuvuliwa, kidevu kikiinuliwa kidogo na uso kugeuzwa upande wa pili. Aliyepooza upande mmoja hupimwa palepale kitandani. Mpimaji hupaka jeli shingoni ili kusiwe na hewa kati ya ngozi na kichwa cha mashine, kisha huanza juu ya mfupa wa mtulinga na kupanda polepole hadi chini ya taya, kwanza akiukata mshipa kwa upana, halafu kwa urefu. Kwenye kioo, damu huonekana nyeusi na ukuta wa ateri huonekana kama mistari miwili sambamba. Rangi inapowashwa, mwendo wa damu hujitokeza kwa nyekundu na buluu. Rangi hizo huonyesha tu damu inaelekea wapi ikilinganishwa na kichwa cha mashine. Hazina maana ya damu safi na damu chafu, kosa ambalo hata wanafunzi wa tiba hulifanya.

Kazi inayotaka uangalifu mkubwa ni kuzitofautisha karotidi mbili juu ya panda, kwa sababu utando kwenye ile ya nje hauna hatari kubwa kwa ubongo, na kuzichanganya ni kumpeleka mgonjwa kwenye matibabu yasiyo yake. Ubongo hunywa damu wakati wote, hata moyo unapotulia, hivyo mchoro wa kasi ya damu katika karotidi ya ndani, unaoonekana kiooni, haushuki hadi sifuri. Ule wa karotidi ya nje hupanda kwa ncha kali na kushuka karibu na chini kabisa. Pale mpimaji anapobaki na shaka, kuna mbinu ndogo nzuri: hugongagonga kwa kidole mbele ya sikio, ambapo hupita tawi la karotidi ya nje. Mchoro kwenye kioo ukitetemeka kwa kufuata kidole, basi mshipa anaoupima ni wa nje.

Baada ya hapo hupimwa mambo matatu: unene wa ukuta, sura ya utando na kasi ya damu. Unene wa ukuta hupimwa kwa sehemu za milimita, kwa mbinu iliyoelezwa na watafiti wa Milano, Italia, mwaka 1986. Kwa mtu mzima mwenye afya huwa chini ya milimita 1, nao huongezeka kwa umri. Kwa makubaliano ya wataalamu yajulikanayo kwa jina la mji wa Mannheim, Ujerumani, unene unaozidi milimita 1.5, au uvimbe unaoingia kwenye njia ya damu kwa angalau milimita 0.5, huhesabiwa kuwa utando kamili. Kwa mgonjwa wa kiharusi, unene peke yake una uzito mdogo. Ni dalili kwamba mishipa imezeeka. Haisemi kiharusi kilitoka wapi.

Sura ya utando inasema mengi zaidi. Utando mweupe unaong'aa kiooni na kutupa kivuli nyuma yake una nyuzi na chokaa nyingi, na kwa kawaida umetulia. Unaoonekana mweusi-mweusi, karibu rangi ya damu yenyewe, umejaa mafuta au umevuja damu ndani, na ndio wenye tabia ya kupasuka. Kidonda juu ya utando nacho huongeza hatari. Kinachosikitisha ni kwamba utando mweusi ndio rahisi zaidi kupitwa na jicho, kwa vile hauonekani tofauti na damu mpaka rangi iwashwe na kuonekana ikiukwepa.

Kasi ya damu ndiyo hutoa kiwango cha kusinyaa. Damu ileile ikilazimika kupita mahali pembamba huongeza mwendo. Kwa vigezo vilivyokubaliwa na wataalamu wa radiolojia nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 2003, kasi ya juu katika karotidi ya ndani ikiwa chini ya sentimita 125 kwa sekunde, mshipa haujasinyaa kwa nusu. Kati ya 125 na 230, umesinyaa kwa asilimia 50 hadi 69. Ikizidi 230, umesinyaa kwa asilimia 70 au zaidi. Hesabu hiyo hulinganishwa na kasi ya karotidi kuu na kasi inayobaki moyo unapotulia, ili kuepuka kudanganywa na moyo unaosukuma kwa nguvu mno au kwa udhaifu.

Hapa pana mtego mkubwa. Mshipa unapokaribia kuziba kabisa, damu inayopita huwa kidogo mno, na kasi badala ya kupanda hushuka. Anayetazama namba tu anaweza kuandika kuwa hali ni nzuri kwa mgonjwa ambaye njia yake imebaki kama uzi. Vilevile mawimbi ya Doppler lazima yakutane na damu kwa pembe isiyozidi nyuzi 60. Karibu na pembe hiyo, kosa la nyuzi 5 tu hubadilisha jibu kwa takriban asilimia 15. Ubora wa ultrasaundi unategemea mkono na jicho la anayepima kuliko karibu kipimo kingine chochote cha picha. Hospitali inayonunua mashine ya kisasa bila kumsomesha mpimaji imenunua nusu ya kipimo.

Viwango hivyo vya asilimia vina mizizi katika majaribio ya tiba. Jaribio la NASCET la Marekani Kaskazini, lililotoa matokeo mwaka 1991, liliwafuatilia wagonjwa waliokuwa wamepata kiharusi chepesi au cha muda huku karotidi ya upande husika ikiwa imesinyaa kwa asilimia 70 hadi 99. Katika miaka miwili, 26 kati ya kila 100 waliotibiwa kwa dawa pekee walipata kiharusi kingine cha upande uleule. Kati ya waliofanyiwa upasuaji wa kufungua mshipa na kuukwangua utando, walikuwa 9 kati ya 100. Kwa waliosinyaa kwa asilimia 50 hadi 69 faida ilionekana pia, lakini ndogo. Chini ya asilimia 50 upasuaji haukusaidia, na mshipa ulioziba kabisa haufunguliwi kwa njia hii.

Faida hiyo huyeyuka kwa kasi. Majaribio ya namna hiyo yalipochambuliwa kwa pamoja mwaka 2004, ilionekana kwamba katika wiki mbili za kwanza baada ya dalili, kuwafanyia upasuaji wagonjwa 5 kulizuia kiharusi kimoja ndani ya miaka mitano. Baada ya wiki 12, ilibidi wapasuliwe 125 ili kuzuia kiharusi hichohicho kimoja. Kwa hiyo ultrasaundi inayoandikiwa tarehe ya miezi miwili mbele imepoteza sehemu kubwa ya maana yake kabla haijafanyika. Kwa wasiofaa kupasuliwa, pengine huwekwa stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma kinachoshikilia mshipa ubaki wazi. Upasuaji na stenti huhitaji vituo vyenye uzoefu, kwa kuwa njia zote mbili zinaweza zenyewe kuleta kiharusi.

Hata pale ambapo upasuaji haupatikani, majibu hayaendi bure. Mgonjwa aliyeonekana na utando hupewa dawa ya kuzuia damu kuganda kama aspirini au klopidogreli, dawa ya kushusha lehemu ya jamii ya statini, na usimamizi mkali wa presha na sukari. Jaribio lililofanyika Ufaransa na Korea Kusini na kuchapishwa mwaka 2020 lilionyesha kwamba wagonjwa wa kiharusi wenye atherosklerosisi hunufaika zaidi lehemu ya LDL ikishushwa chini ya miligramu 70 kwa desilita, ambazo ni takriban milimoli 1.8 kwa lita. Kuacha sigara huongeza nguvu ya hayo yote. Dawa hizi ni za miaka, na nyingi zinapatikana kwa bei nafuu. Tatizo la kawaida ni mgonjwa kuziacha akijiona amepona.

Ultrasaundi ya shingo safi haimaanishi kwamba mishipa yote ni salama. Kiharusi kinaweza kutoka moyoni, hasa mapigo yanapokwenda ovyo au vali zikiwa zimeharibika, kwa hiyo ECG na eko ya moyo huenda pamoja na kipimo hiki. Kinaweza kutoka kwenye mishipa midogo sana ndani ya ubongo iliyoharibiwa na presha. Na kinaweza kutoka kwenye ateri kubwa zilizo ndani ya fuvu, ambazo kwa watu wenye asili ya Afrika na Asia hushikwa na atherosklerosisi zaidi kuliko kwa Wazungu. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jambo hili ni la muhimu sana: vigezo vingi vya shingo vilitengenezwa kwa wagonjwa wa Ulaya na Marekani, na shingo safi kwa Mwafrika isifunge uchunguzi.

Kwa mishipa ya ndani ya fuvu kuna ultrasaundi ya aina yake, iliyoanzishwa na Rune Aaslid wa Norway mwaka 1982. Hupitisha mawimbi mazito kwenye mfupa mwembamba wa panja, mbele ya sikio. Haioneshi utando vizuri, lakini hupima kasi. Imekuwa na msaada mkubwa kwa watoto wenye selimundu, ugonjwa ulioenea sana Tanzania, Uganda na Kongo: mtoto ambaye kasi yake inafikia sentimita 200 kwa sekunde yuko katika hatari kubwa ya kiharusi, na jaribio la mwaka 1998 lilithibitisha kwamba kumwongezea damu kwa utaratibu hupunguza hatari hiyo kwa zaidi ya asilimia 90. Kinachosinyaza mishipa ya mtoto huyo ni kitu kingine kabisa, sio mafuta, lakini elimu ya kupima ni ileile.

Mtu asiye na dalili yoyote hana haja ya kukimbilia kipimo hiki. Jopo la wataalamu wa kinga nchini Marekani limeshauri dhidi ya kuwapima karotidi watu wazima wote wasio na dalili, kwa kuwa wachache hugundulika na wengi huingizwa kwenye vipimo na upasuaji wasiouhitaji. Fedha ya mtu huyo ingefaa zaidi kupima presha, sukari na lehemu.

Ndugu wa mgonjwa wa kiharusi cha kuziba wana haki ya kuuliza kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani: je, mishipa ya shingo imepimwa, imesinyaa kwa asilimia ngapi, upande upi, na je, ni upande unaolingana na kiharusi? Ripoti inayosema tu kwamba “kuna utando” haitoshi kumwongoza daktari anayefuata. Na yeyote ambaye jicho lake moja limeingia giza, mdomo wake umepinda au mkono wake umelegea, hata kama hali ilirudi baada ya dakika tano, aende hospitali siku hiyohiyo, asingoje hadi kesho.